Shangazi wa Chumba cha Mwisho, Aliyewatafutia Watu Kengele Zao

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, muuguzi ambaye hospitali nzima inamwita Shangazi atasaini kitabu cha zamu kwa mara ya mwisho na kuondoka kazini akiwa mstaafu. Ukiondoa miaka miwili ya mwanzo aliyokuwa wodi ya watoto, muda wote huo ameutumia katika wodi ya watu walioumia uti wa mgongo. Na ndani ya wodi hiyo, siku zake nyingi zimepita katika chumba kimoja, cha mwisho upande wa kushoto, chenye masinki mawili, kitanda kimoja, pazia la buluu na mlango unaofungwa kwa ndani.

Wengi wenu mnaosoma jarida hili mnapita mlango huo mkienda kantini. Mnasikia maji yanamiminika kwenye beseni, mnasikia mtu anacheka peke yake, mnadhani ni bafu. Si bafu. Ni darasa, na somo lake ni moja tu: jinsi ya kutoa mkojo pale mwili unaposahau kazi hiyo. Darasa hilo halimo kwenye ratiba yoyote ya hospitali. Limeishi kwa sababu Shangazi alikuwepo. Ndiyo maana mwaka huu mzima, tangu tujue tarehe yake, swali moja limetukaa kooni kama mwiba wa samaki: akiondoka, darasa nalo litaondoka? Tangazo la kumtafuta mrithi wake halijabandikwa. La kumtafuta dereva wa utawala limebandikwa mara mbili.

Tuseme mambo kwa majina yake, maana mwenyewe hapendi kuzungukazunguka. Mtu akiumia uti wa mgongo, kila mmoja huuliza habari za miguu. Ndugu huuliza miguu, majirani huuliza miguu, mgonjwa huitazama miguu yake kama watu wazima wawili waliogoma kumsalimia. Kibofu hakuna anayekiuliza. Kumbe nacho kilikuwa kikingoja amri kutoka kichwani, na njia ya amri imekatika. Cha mmoja hulegea, kikajaa na kuzidi kujaa, kisisukume kitu. Cha mwingine husukuma bila ruhusa, na papo hapo mlango wake unajikaza. Basi kinashindana na mlango wake wenyewe, na mkojo ukikosa pa kutokea hurudi juu kwenye figo. Mwenye mwili hana habari. Ametulia, anasoma gazeti. "Figo hazigombi," Shangazi huwaambia wanafunzi wake. "Zinaondoka kimya kimya, kama mgeni aliyeudhika."

Alifika wodi hiyo kushikilia nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenzake alijifungua pacha, akapata kazi karibu na kwao, na Shangazi akabaki. Siku hizo kila mgonjwa alirudishwa nyumbani na mpira wa mkojo uliokaa mwilini usiku na mchana, pamoja na mfuko wa kuning'inia. Kati ya kila kumi tuliowaruhusu, sita walirudi kabla ya mwaka kwisha: homa, usaha, vijiwe kwenye kibofu. Mwaka jana, kati ya kumi, alirudi mmoja. Hizo ni hesabu za vitanda, na vitanda havijui kusifia mtu.

Jina lake alilipata kwa fundi mwashi. Huyu alikuwa amegeukia ukuta siku nyingi, hataki kuongea, na mkewe akija na chakula anamwambia aache mlangoni. Kila mtu alidhani ni majonzi ya miguu. Shangazi alivuta kiti, akakaa naye mpaka chai ikapoa. Ndipo mwashi akasema, akiutazama ukuta uleule, kwamba mpira wake unavuja, kwamba ananuka, na kwamba afadhali mke aende kwao kuliko kuja kumbadilishia nguo kama mtoto. Akaongeza kwamba mambo hayo hata mama yake mzazi asingemweleza, labda shangazi yake. Muuguzi akajibu, "Basi ndiye huyu amekuja. Endelea." Tangu hapo jina likamkaa, hata kwa wagonjwa wanaomzidi umri.

Baada ya hapo aliomba kozi, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, akaenda kwa likizo yake mwenyewe. Alirudi na mpira mmoja mwembamba ndani ya kipochi na kanuni fupi: mpira uingie, mkojo utoke, mpira utoke. Kila baada ya saa nne, au sita kwa waliozoea, mgonjwa mwenyewe anawe mikono kwa sabuni, aingize mpira, amwage, auchomoe, aendelee na shughuli zake. Kibofu kisivuke nusu lita. Hakuna cha kuning'inia, hakuna cha kuvuja. Mwashi ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Hapo ndipo ugomvi wake na stoo ulipoanza. Kwa utaratibu wa zamani mgonjwa mmoja alihitaji mpira mmoja kwa mwezi. Shangazi alikuja kudai mitano kwa siku kwa kila mtu, na wagonjwa walikuwa kumi na wawili. Hiyo ni sitini kwa siku, elfu moja na mia nane kwa mwezi. Mtunza stoo, ambaye ndiye mwandishi wa sifa hizi, na ambaye hesabu alijifunzia kwenye kibanda cha kuuza misumari, alimwuliza kama wagonjwa wake wanaila hiyo mipira. "Njoo uwaone wanavyoila, baba," akajibiwa.

Stoo ikaenda kuona. Mwashi aliketi kitandani pazia likiwa limevutwa, mikono yake mikubwa imeoshwa mpaka kwenye viwiko, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili alitukana, mara ya tatu mkojo ukaanza kushuka kwenye jagi kwa sauti nyembamba. Mililita mia nne na hamsini. Akaliinua jagi kwenye mwanga akalitazama muda mrefu, kama mtu aliyechimba kisima uani kwake akafikia maji. Tulikubaliana siku ileile: kila mgonjwa apewe mipira yake, aioshe, aikaushe, aitunze na kuitumia tena kwa siku zilizoruhusiwa na mwongozo wa wakati ule, ndipo aitupe. Ugomvi uliisha, ingawa salamu zilichukua muda kidogo kurudi.

Ugomvi wa pili ulihusu vioo. Wanawake walihitaji vioo vidogo ili wajifunze kuiona njia, na stoo haikuwa nacho hata kimoja. Wiki hiyo kioo cha choo cha wanawake kule utawala kikatoweka ukutani. Makatibu walipaka rangi ya midomo kwa kubahatisha kwa muda, mmoja akahudhuria kikao akiwa na midomo mitatu. Upelelezi haukufika popote, kwa sababu mpelelezi aliyeteuliwa alikuwa mtunza stoo, na fundi aliyekikata kioo vipande sita vya duara alikuwa rafiki yake.

Wake na waume wa wagonjwa nao aliwaita darasani, kisha akawatoa. Wengi walikuja wamejiandaa kuwa wauguzi wa maisha, wamebeba glovu zao. Shangazi aliwaonyesha kila kitu ili wasiogope, halafu akamgeukia mke wa mwashi: "Umeona? Sasa sahau. Mpira atautia mwenyewe. Wewe nenda nyumbani ukawe mke, ugombane naye kama kawaida." Tunaambiwa wanagombana vizuri mpaka leo.

Kuna jambo moja la Shangazi ambalo mtu wa hesabu hulieleza kwa shida. Aliamini kwamba mwili ukinyimwa mlango, hubisha hodi dirishani. Ile hisia ya kubanwa na mkojo imekatika, sawa; lakini kibofu kikijaa hutafuta njia nyingine ya kutoa taarifa, na kila mtu ana kengele yake, sharti itafutwe. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya vipimo, alilivuta nusu pazia la dirisha la wodi, la buluu pia, na kuacha mwanga uingie. Mwanga huo hupita kwenye kitambaa na kutandazwa sakafuni kama maji yasiyo na kina, na wodi nzima hukaa ndani yake kwa dakika kadhaa kama chombo kilichotia nanga. Ni saa ambayo wagonjwa wanarudi kutoka kwenye ndoto ambamo bado wanatembea. Mmoja alikuwa akipanda ngazi. Mwingine alikuwa akicheza mpira uwanjani kwa viatu vya shule. Hakuna anayewaharakisha. Viatu vya Shangazi havisikiki, sauti yake iko chini: "Mmeamkaje, wanangu? Mmeota nini?"

Ndivyo alivyozikusanya. Dereva wa lori hupata joto kwenye sikio la kushoto, sikio hilo peke yake, na likipata moto kabisa ni lazima amwage. Mwalimu wa hisabati huinuka kidole kidogo cha mguu wa kulia, mguu usiosikia hata sindano. Hunyanyuka chenyewe juu ya shuka, mwenyewe husema, kama mwanafunzi anayejua jibu. Fundi cherehani, mama wa watoto wawili, alitafuta kengele yake miezi mingi asiione. Mchana hakuna dalili. Lakini alfajiri, kila siku, aliota mvua.

Shangazi hakucheka. Alichukua jagi. Kila asubuhi fundi cherehani alisimulia mvua yake, kisha akamwaga, na kipimo kikasomwa. Baada ya mwezi mmoja ukweli ukawa wazi: manyunyu yasiyolowesha nguo ni kama mia mbili na hamsini, mvua ya kuvujisha paa ni mia tano, amka upesi. Stoo yetu imewahi kuagiza vipimo vya uzito, vya urefu, vya joto na vya presha. Kipimo cha ndoto kwa mililita hatujawahi kuulizwa. Asubuhi moja alisimulia gharika kubwa, watu wanahama na magodoro kichwani, jagi likapata sitini tu. Walipofungua dirisha wakakuta nje kunanyesha kweli. "Hiyo ni mvua ya watu wote," Shangazi akamwambia. "Yako bado." Wodi ilicheka mpaka chai ikaletwa.

Msidhani alikuwa mtu wa ramli. Kengele ya kwanza ilibaki saa ya ukutani, na aliyeipuuza alisemwa. Dereva wa lori aliwahi kubuni akili yake: apunguze kunywa maji, mkojo upungue, kazi ya mpira ipungue. Alijisifu nayo kwa wenzake. Aliporudi kliniki alikuwa na kijiwe kwenye kibofu saizi ya punje ya harage, na Shangazi alimtazama kwa namna ambayo mwenyewe anasema iliuma kuliko kijiwe. "Kwa hiyo lori nalo unalinyima maji ili lisichemke?" Sasa hunywa lita mbili kwa siku na kuwahubiria wengine kwa ukali wa mtu aliyeokoka.

Lakini somo aliloliweka mbele ya yote, hata kabla ya kumshikisha mtu mpira, lilikuwa la hatari. Waliovunjika juu, karibu na mabega, kibofu kikijaa na kukosa njia, presha yao inaweza kupanda ghafla na kuua. Kichwa kinagonga, jasho linatoka usoni, nywele za mikono zinasimama. Shangazi aliwafundisha wasiombe dawa ya kichwa. Waombe kukalishwa wima, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe kuanzia kwenye mfuko mpaka mwilini. Aliwafundisha wao wenyewe kuyatamka, kwa sauti, mmoja mmoja, kwa sababu, alisema, muuguzi anaweza kuwa mgeni, lakini mgonjwa hawezi kuwa mgeni kwenye mwili wake.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita Shangazi hakuwepo. Alikuwa mjini kwenye ofisi ya mafao, kwenye foleni. Wodini kulikuwa na mgonjwa mpya, fundi wa kuezeka aliyeanguka kutoka juu ya paa, aliyevunjika sehemu ya juu ya mgongo. Alikuwa bado ana mpira wa kukaa ndani na mfuko, na alikuwa amepata somo hilo la kwanza tu. Saa ya kutazama wagonjwa mama yake akaja, na nyuma yake wakaja mafundi wenzake wanne. Mama aliuona mfuko unaning'inia pembeni ya kitanda, mbele za watu, akaona haya. Akauinua, akaulaza kando ya paja la mwanawe na kuufunika kwa shuka jipya alilotoka nalo nyumbani. Mpira ukajikunja chini ya paja. Ni kosa la mapenzi. Wodini kwetu hutokea mara nyingi kuliko kosa la uzembe.

Mafundi walileta habari za kazini na utani. Jamaa akacheka nao. Baadaye kidogo akaacha kucheka. Uso ukawa mwekundu, jasho likamtiririka, vinyweleo vikamsimama. Mama akawaambia wageni, "Mnaona alivyofurahi kuwaona?"

"Mama, nikalisheni," fundi akasema. "Legezeni mkanda. Angalieni mpira."

"Mbele ya wageni, baba?"

"Mbele ya wageni, mama. Mkichelewa nitakufa mbele yao."

Mama akapiga kelele. Muuguzi wa zamu akaja mbio, daktari nyuma yake na mashine ya presha. Mafundi watatu walimwinua mwenzao akakaa wima kama wanavyoinua bati, kwa pamoja, bila kuambiana. Wa nne alikuwa amekwisha kukaa sakafuni kwa hiari yake, rangi imemtoka. Presha ilisoma mia mbili na kumi juu. Mgonjwa akawa anasema, meno yakigongana, "Anzeni kwenye mfuko, mpande juu. Msianze juu." Daktari akafunua shuka jipya, akafuata mpira kwa vidole, akafika kwenye kunjo, akalikunjua. Mkojo ukashuka. Karibu mia saba. Ndani ya dakika chache presha ikarudi chini ya mia na thelathini, na fundi wa kuezeka akafumba macho, akasema kichwa kimenyamaza.

Shangazi alifika alasiri na bahasha yake ya mafao. Kila mtu alimsimulia kwa wakati mmoja, kuanzia mama, aliyekuwa akilia na kuomba radhi, mpaka mfagiaji. Alisikiliza mpaka wakamaliza. Akauliza jambo moja:

"Nani alisema mpira ukaguliwe?"

Wakamwonyesha kitandani.

Akamkumbatia mama kwanza, akamwambia, "Mficha maradhi kilio humfichua, dada, lakini wewe mwanao amewahi." Kisha akaenda chumba cha mwisho akafunga mlango. Tulisikia bomba likitiririka muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umelowa, akasema sabuni imemwingia machoni. Hakuna aliyebisha, ingawa stoo inajua kwamba sabuni ya chumba hicho ilikwisha Jumatatu.

Kikao cha wodi kilichofuata, metroni aliweka mezani mambo mawili. La kwanza, kwamba darasa litaendelea kila Jumanne na Ijumaa, muuguzi wa zamu akisaidiwa na dereva wa lori, mwalimu wa hisabati na fundi cherehani, ambao wamekubali kuja kwa zamu. Kama mtu wa somo moja aliweza kuamuru chumba kizima, alisema, basi somo limekwisha kushika mizizi, kazi yetu ni kulimwagilia. La pili, kwamba utawala uliwahi kufikiria kuipa stoo chumba cha mwisho, kiwekwe vitanda vibovu. Stoo, ambayo tangu ianzishwe haijawahi kukataa nafasi hata ya kuegesha ufagio, imekataa. Vitanda vibovu ni kumi na vinne, tumevipima, vinaenea nyuma ya karakana chini ya turubai. Kuhusu tangazo la mrithi wake, tunaendelea kulingoja, na mwandishi huyu anahesabu wiki na atazitaja katika kila toleo.

Shangazi anakwenda kuishi kwa mdogo wake, kwenye nyumba yenye baraza pana na mbwa mvivu. Alipoulizwa juzi, kwa zamu yake, ameota nini, alisema aliota korido ndefu, milango imefunguliwa pande zote mbili, mwanga unaingia, na hakuna anayemwita. Tukamwuliza kama iliuma. Akafikiri, akasema hapana. Alikuwa amevua viatu, na sakafu ilikuwa na ubaridi mzuri.

Asante, Shangazi, kwa niaba ya watu wanaokaa chini ya nusu lita bila hofu, na wake na waume zao, na figo zao ambazo bado ziko nyumbani. Nenda ukatembee taratibu. Afya ikusindikize, mdogo wako asikuchoshe kwa maneno, na usingizi wako kuanzia sasa uwe wako peke yako.